Funza wa Chumba cha Bibi

Bibi alihamishwa chumbani kwake ili funza wapate pa kulala. Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hilo, na mwanawe, aliyelifanya, alizijaribu namna zote. Alisema ni kwa miezi mitatu tu. Alisema chumba kile kinapigwa na jua mchana kutwa, na funza wanapenda joto. Alisema jikoni nako kuna joto, mama, na miguu yako inapenda joto. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mto wake nao unahitajika na funza au anaweza kwenda nao.

Miezi mitatu ikawa saba. Bibi alilala jikoni, kwenye godoro lililokunjwa kila asubuhi na kusimamishwa nyuma ya mlango, kati ya jiko na ndoo za maji. Chumbani kwake, pale palipokuwa na kitanda, zilisimama rafu za mbao alizozipigilia mwanawe mwenyewe, na juu ya rafu mabeseni arobaini ya plastiki. Kila beseni lilikuwa na pumba, na ndani ya pumba walikuwamo funza: wa manjano, wembamba, wenye ngozi laini na mistari ya kahawia. Kitanda chenyewe kiliegemezwa ukutani uani, kikafunikwa turubai.

Mwana huyo alikuwa fundi wa saa, na mtaa mzima ulimwita Fundi Saa hata baada ya saa kukosa wa kuzivaa. Simu ndizo zilizomtia njaa. Mtu akitaka kujua ni saa ngapi anatazama simu, na simu ikiharibika haipelekwi kwa fundi wa saa. Kibanda chake cha kazi kilifungwa. Vilibaki kibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na kile kioo cheusi cha kubana kwenye jicho. Vifaa hivyo vilipata kazi mpya. Kila asubuhi Fundi Saa alikaa mbele ya mabeseni, kioo jichoni, akawachomoa kwa kibano funza waliokwisha kujikunja na kuwa weupe, ambao hawali wala hawatembei, akawatenga ili wasiliwe na wenzao. Siku chache baadaye hao walitoka wakiwa mbawakawa, wadudu weusi wa gamba gumu, wakataga mayai kwenye pumba, na kazi ikaanza upya. Alikuwa hodari wa kazi ile. Acha niseme mimi, maana mtaani hakuna aliyesema.

Mtaani walisema mengine. Mkewe, aliyejulikana kama Mama Dakika kwa kuwa baba mtu alimwita binti yao Dakika tangu siku aliyozaliwa, sasa aliitwa Mama Funza. Jirani aliyekuja kuazima chumvi kila wiki alianza kuipita nyumba yao na kwenda kuazima nyumba ya tatu. Dakika mwenyewe, mwenye miaka kumi, alikaa peke yake kwenye dawati la watu watatu, kwa sababu wenzake walisema nywele zake zina funza. Habari hiyo alimwambia bibi yake tu. Kila Jumapili Bibi alimsuka upya kwa kupapasa, akizikaza nywele mpaka mtoto machozi yakamtoka, ili kila mtu aone hamna mahali pa mdudu kujificha.

Alimsuka kwa kupapasa kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia sana. Na hapa ndipo palipo na kichekesho, kama mtu ana moyo wa kucheka: katika nyumba ile, aliyewajua funza kuliko wote ni yeye waliyemfukuzia jikoni. Fundi Saa aliwaona mmoja mmoja kwa kioo, lakini Bibi aliwasikia wote kwa pamoja. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa chumba chake cha zamani akatega sikio. Funza wakiwa wazima wanatafuna na kutambaa, na mtafuno wa mabeseni arobaini ni kama manyunyu ya mvua juu ya majani. "Beseni za chini zina kiu, hebu wakatie viazi," husema. Fundi Saa akienda kutazama, kweli, vipande vya viazi vya kuwapa maji vimekauka vimekuwa kama ngozi.

Wiki ambayo mambo yaliharibika ilianza kwa habari njema. Mama Mayai, mwanamke mwenye kuku mia sita wa kutaga upande wa pili wa soko, alikuwa amekuja mwenyewe. Samaki wa kusaga wa kulishia kuku walikuwa wamepanda bei, na waliopatikana walikuwa nusu mchanga.

"Chakula cha kuku wangu naonja mwenyewe," aliwaambia, mkono wake umezama ndani ya beseni bila hata kukunja uso. "Wakitia chumvi, wakitia mchanga, najua kwa ulimi. Hawa wamenona. Nitachukua kilo nne kila Jumamosi. Wakiwa hai sawa, wakiwa wamekaushwa sawa. Tunaanza Jumamosi hii."

Alipoondoka, Fundi Saa alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Kulikuwa na chumba cha tatu kilichokaa wazi uani, chenye dirisha. Akaomba awekewe mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akaenda jikoni, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, mwezi huu hauishi kabla hujalala kitandani."

"Kitandani kwangu au kwa funza?"

"Chako mwenyewe, mama. Chumba chako, na mlango wako."

Jioni ile Bibi alimwomba Dakika ampeleke uani, akaingiza mkono chini ya turubai, akazipapasa mbao za kitanda moja moja kuona kama mvua haijazila.

*

Pumba zilitoka kwenye mashine ya kusaga nafaka, ng'ambo ya barabara kubwa, ambako Mama Dakika alifanya kazi. Alifagia, alishika gunia chini ya mdomo wa mashine, alishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu. Kwa kazi hiyo alipata mshahara mdogo, mfuko wa kilo tano za unga kila Jumatano, na ruhusa ya kubeba pumba, kwa sharti moja: magunia ya tajiri yarudi. Tajiri wa mashine alikuwa mtu wa kuhesabu magunia. Mama Dakika aliyarudisha yote, kila moja, amelikung'uta na kulikunja. Alimwambia tajiri pumba ni za kuku. Alijiambia huo si uongo, maana mwisho wa safari kuku ndio watakaokula.

Jumatatu asubuhi tajiri alimwita mbele ya mizani.

"Njoo uone."

Alifungua kiganja. Ndani yake funza wawili wa manjano walikuwa wakijinyonganyonga.

"Mteja amerudisha unga. Amenimwagia mezani, foleni nzima inatazama. Mimi! Miaka kumi na tisa nina mashine hii. Fukusi nawajua, nondo nawajua. Hawa ni wageni. Wametoka wapi?"

Mama Dakika aliwatambua papo hapo, kama anavyomtambua mwanawe katikati ya watoto mia wenye sare moja. Akakumbuka magunia. Akaona mishono yake, ile minene ya chini, ambamo vumbi la pumba hunata hata ulikung'ute vipi, na mayai ya mbawakawa ni madogo kuliko punje ya mchele. Miezi saba alikuwa akiyarudisha kwa uaminifu.

"Sijui, tajiri," alisema.

Kabla ya saa sita tajiri alikuwa amenunua katoni ya dawa ya kuhifadhi nafaka, ile ya unga wa kijivu. Akamkabidhi Mama Dakika koleo na kumwambia aanze na magunia ya nyuma. Mama Dakika alifunga kitambaa puani. Akaigeuza pakiti, akasoma.

"Tajiri, imeandikwa pakiti moja kwa gunia. Halafu imeandikwa nafaka isisagwe mpaka ipite miezi mitatu."

"Tia nne."

"Na hii ya kusagwa kesho?"

"Nimekuajiri kusoma?" Tajiri hakupandisha sauti. "Unataka nifunge miezi mitatu? Utanilipa wewe? Changanya, Mama. Watu wanapika, moto unaua kila kitu."

Akachanganya. Alichanganya siku nzima, na dawa ikamwingia kwenye mikunjo ya shingo na chini ya kucha. Tajiri alimwonya asimwambie mtu, na onyo hilo halikuwa na kazi, kwa kuwa Mama Dakika mwenyewe alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kunyamaza.

*

Nyumbani alioga mara mbili kabla ya kumgusa mtoto.

"Pumba ziko wapi?" Fundi Saa aliuliza.

"Mashine imeharibika. Wiki hii hamna pumba."

Angeweza kumwambia. Nimelifikiria sana hilo, na nadhani alilifikiria yeye zaidi. Lakini kusema kuhusu dawa ni kusema kuhusu wadudu, na kusema kuhusu wadudu ni kusema nani aliwapeleka. Mumewe, mwaka wa tatu sasa bila kazi ya kueleweka, alikuwa ameanza kutembea tena akiwa amenyoosha mgongo. Na mshahara wa mashine ndio uliokuwa ukiwalisha wote, pamoja na funza. Jumanne alisema mashine bado. Jumatano alirudi na mfuko wa unga wa wiki, akausukuma chini kabisa ya kitanda chao, nyuma ya sanduku. Akaenda dukani kununua paketi ndogo ya unga kwa pesa alizokuwa amezificha za viatu vya Dakika.

Funza walikuwa na pumba za siku tatu. Kufika Alhamisi mabeseni yalikuwa na vumbi tupu, kinyesi chao wenyewe, na funza mwenye njaa humtafuna aliye jirani. Fundi Saa aliwachekecha kwa lile chekeche lao la waya, akaona waliokatwa viuno. Jumamosi ilikuwa siku mbili mbele. Akavaa shati lake la kazi, akavuka barabara kubwa kwenda kuona mashine imeharibika nini. Mtu anayejua kufungua saa ya mkononi huenda akasaidia.

Mashine ilikuwa ikinguruma, inasikika tangu kona. Mama Dakika hakuwapo. Alikuwa ametumwa sokoni kupeleka unga madukani.

"Imeharibika?" Tajiri alishangaa. "Haijalala hata siku moja. Nani kakwambia? Pumba zipo mpaka zinanikera. Chukua mawili, matatu. Kuku wanataga?"

"Wanataga," alisema Fundi Saa.

"Magunia yarudi."

Alibeba mawili, moja begani na jingine akiliburuta, na njia nzima alikuwa na neno moja tu kichwani: kwa nini? Alidhani mkewe anamwonea haya. Kwamba kazini kwake wamejua, wamecheka, na yeye ameamua funza wafe polepole yaishe. Wazo hilo lilimuuma hata akasahau uzito wa gunia. Akajaza mabeseni yote arobaini, pumba mpya, nyingi, juu kwa juu. Magunia akayakunja na kuyaweka nyuma ya rafu.

Mkewe aliporudi alimkuta ameketi mlangoni.

"Leo mashine imepona?"

"Bado," alisema Mama Dakika.

Fundi Saa alimtazama kitambo. Alimpa nafasi, na akaona ameikataa. Basi naye akafunga mdomo wake.

"Niwakatie viazi?" mkewe aliuliza.

"Wameshakula."

Mama Dakika hakuuliza wamekula nini. Swali hilo lingemrudia mwenyewe. Akashukuru moyoni kwamba siku imepita, akainama kuwasha jiko.

*

Ijumaa asubuhi Bibi alisimama mlangoni pa chumba chake cha zamani, akatega sikio, akabaki pale muda mrefu kuliko kawaida.

"Baba Dakika," aliita. "Mbona wamenyamaza?"

Walikuwa juu ya pumba, wote wametoka juu kana kwamba walitaka kukimbia. Wengine bado walikuwa wakitikisika mkia. Wengi walikuwa wamelala chali, wamejipinda, rangi imeanza kuiva. Mbawakawa walikuwa wamekufa miguu juu. Fundi Saa alipita rafu hadi rafu, akitia mkono, akitoa, akitia. Beseni la arobaini lilikuwa sawa na la kwanza.

Mama Dakika alikuja mbio na kisu cha viazi mkononi. Akaona pumba mpya.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye mashine iliyoharibika."

Akakaa chini, hapo hapo sakafuni. "Zina dawa," alisema. "Dawa ya wadudu. Nimeichanganya mimi, kwa mikono hii, tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu." Fundi Saa aliyarudia maneno hayo mara mbili. "Na ukaja hapa unaniambia mashine, mashine."

"Ningekwambia nini? Wadudu waliokutwa kwenye unga ni wa kwetu, Baba Dakika. Mayai yalikuwa kwenye mishono ya magunia. Mimi ndiye niliyeyarudisha."

"Nani alikutuma uyarudishe?"

"Magunia ni ya watu!"

"Ungesema neno moja tu. Moja! Ungesema, 'Usiende kule.'"

"Na wewe jana ulijua nimekudanganya. Ulikaa hapo mlangoni unanipima. Ungesema nawe neno moja."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimkasirisha zaidi. Akapiga rafu teke. Beseni moja likaanguka, pumba zikatapakaa hadi miguuni mwa Bibi.

"Na unga?" Bibi aliuliza.

Wote wawili wakageuka.

"Unga wa Jumatano uko chini ya kitanda," alisema Mama Dakika. "Hatujaula, Mama. Nimekuwa nikinunua wa dukani."

"Sijauliza wa kwetu peke yake," alisema Bibi.

Saa nne hivi Fundi Saa aliinuka. Akachukua chekeche, akawachekecha wafu wote, beseni moja baada ya jingine, akawasha jiko na kuweka juu yake bati bapa. Mkewe alimwangalia mpaka alipoelewa.

"Unafanya nini?"

"Mama Mayai alisema hata waliokaushwa anachukua."

"Hawa wamekufa kwa sumu."

"Sumu imo kwenye pumba. Nimewachekecha."

"Imo ndani yao! Kuku wakila je?"

"Kuku hafi kwa punje mbili."

"Akifa?"

"Kuku hufa kila siku!" Sauti yake ilipasuka. "Mama yangu ana miezi saba analala kando ya jiko. Nimemwahidi. Umemsikia nikimwahidi. Nikamwambie nini?"

"Usinitie mimi," Bibi alisema kutoka kwenye kona yake. "Nilimpa funza chumba. Sikumpa mtu ruhusa ya kuuza sumu kwa jina langu."

Lakini hakuinuka kumzuia, na Mama Dakika naye hakumwaga bati. Fundi Saa alikausha mpaka alasiri. Nyumba ilijaa harufu ya funza waliokaangika, na harufu hiyo ni nzuri, haina tofauti na ya karanga. Dakika alirudi shuleni, akatupa mfuko wa madaftari, akavuta pumzi mlangoni akitabasamu.

"Mama, leo tunakula nini?"

*

Mama Mayai alikuja Jumamosi saa tatu na mizani yake mwenyewe ya kuning'iniza.

"Mmewakausha wote?" Aliona rafu tupu, akashangaa kidogo. "Sasa wiki ijayo mtanipa nini?"

"Tunaanza mbegu mpya," alisema Fundi Saa. "Tunasafisha."

Mfuko ulizidi kilo nne. Mama Mayai alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema wakavu wana bei yao, akataja bei, na bei ilikuwa nzuri. Ilikuwa kodi ya chumba cha tatu ya mwezi na baki. Akatoa noti, akazikunja katikati ya vidole vya mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akachota funza mfukoni, akachagua mmoja aliyenona, akampeleka mdomoni.

Mama Dakika alimtazama mumewe. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa mwanamke yule. Mkono tu angeunyoosha. Macho yake yalikuwa kwenye zile noti. Aliona kidole kikipanda, mkewe alijua kwamba anaona, na hakusema kitu.

"Usile!" alipiga kelele Mama Dakika. "Usile, dada. Wamekufa kwa dawa."

Funza alianguka. Mama Mayai alitema mate mara tatu ingawa hakuwa ameonja, akajifuta ulimi kwa ukingo wa kanga. Alielezwa yote: pumba, mashine, pakiti nne. Alisikiliza akiwa amekodoa macho.

"Na mlikuwa mmesimama hapo," alisema mwishoni. "Mnaniangalia."

"Nimesema," alisema Mama Dakika.

"Umesema wewe. Huyu je?"

Fundi Saa alikuwa akitazama miguu yake.

"Juzi nimenunua pale pale magunia sita ya pumba," Mama Mayai alisema, akikusanya mizani yake. "Mia sita, kuku wangu! Mia sita!" Akatoka karibu kukimbia, noti bado zimekunjwa vidoleni. Hakusema asante, na sidhani alidaiwa.

Fundi Saa aliketi kwenye kizingiti.

"Wiki nzima umedanganya," alisema, taratibu sana. "Umesema kweli siku moja tu, na ukaichagua leo."

"Ungemwacha ale?"

Mkewe alingoja. Alingoja jibu hilo siku ile nzima, na mpaka leo bado analingoja.

*

Mama Mayai alikwenda kwa tajiri wa mashine akifoka, akatoka akiwa ametulia. Alirudishiwa pesa zake zote, akapewa na magunia mawili ya bure, ya pumba za zamani. Kuhusu dawa hakusikika tena akisema kitu. Ila habari ya funza aliisimulia yote.

Jumatatu Mama Dakika alikuta wateja kwenye foleni na tajiri akimngojea mbele ya mizani, mahali pale pale.

"Ndiye huyu," tajiri aliwatangazia. "Mnaniuliza kila siku wadudu wametoka wapi. Anafuga funza nyumbani kwake, anawabeba kwenye magunia yangu, anawaleta kwenye chakula chenu. Mimi namlisha, yeye ananilipa hivi."

Foleni ikaguna. Mwanamke mmoja alijivuta nyuma ili nguo zao zisigusane.

"Waambie na dawa," alisema Mama Dakika. "Waambie umetia pakiti ngapi."

"Dawa ya kuua wadudu wa nani?" tajiri aliuliza. "Wa nani?"

Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma akasema Mama Funza leo kamwaga unga, wakacheka tena. Kisha foleni ikasogea, kwa sababu mashine ile ndiyo iliyokuwa karibu na bei yake ndiyo waliyoiweza, na kila mtu alikuwa ametoka nyumbani na chombo kitupu. Mama Dakika alifukuzwa kazi, na mshahara wake wa nusu mwezi ukakatwa kufidia dawa.

Siku hiyo hiyo Fundi Saa alizing'oa rafu. Akadeki chumba kwa sabuni mara tatu, akatoa turubai, akaingiza kitanda mahali pake. Bibi alipelekwa ndani akiwa ameshika mto wake. Alikaa ukingoni, akapapasa ukuta, akapapasa dirisha.

"Umetimiza, mwanangu," alisema. Fundi Saa alitoka nje haraka asije akaonekana uso.

Usingizi wa mchana ulimkataa Bibi. Chumba kilikuwa kimya mno. Alirudi mwenyewe jikoni kwa kushika kuta, akakaa alipozoea.

Jioni Dakika alirudi, akafungua sufuria, akafunika. Akafungua tena, kana kwamba huenda hakuangalia vizuri. Paketi ya unga wa dukani ilikuwa imekwisha tangu jana, pamoja na pesa za viatu. Duka halikuwakopesha, mwenye duka alisema hakopeshi watu wasio na kazi, na alilisema mbele ya mtoto. Mama Dakika alisimama kidogo pale jikoni. Kisha akaingia chumbani, akapiga magoti, akavuta mfuko wa kilo tano kutoka nyuma ya sanduku.

Chekeche la nyumba lilikuwa limetoboka siku nyingi. Akachukua lile la funza, akaliosha, akalikausha kwa pindo la nguo. Akachekecha unga mara moja. Akachekecha mara ya pili.

"Chekecha tena," alisema Bibi.

Akachekecha tena. Fundi Saa alikuja bila kuitwa. Alitoa mfukoni kile kioo cheusi, akakibana kwenye jicho, akachota unga kidogo akautandaza kwenye kiganja, karibu na mwanga wa dirisha. Mama Dakika alijua anatafuta nini. Wiki moja nyuma mdudu mmoja ndani ya unga alikuwa msiba. Sasa nyumba nzima ilisubiri aonekane hata fukusi mmoja, hata wa kutambaa kwa shida, hata mmoja tu aliye hai.

Aliutazama unga ule kwa muda ambao zamani angeutumia kwa saa ya dhahabu. Akachota mwingine kutoka chini ya mfuko. Akautazama na huo.

"Vipi?" aliuliza Bibi.

Fundi Saa akatoa kioo jichoni.

"Safi," alisema. "Hamna hata mmoja."

Dakika alikuwa tayari ameshika kijiko chake. Mama Dakika akabandika maji.